Kiti na Mlango: Juu ya Kuwafundisha kwa Mbali Wauguzi wa Maradhi ya Akili

Swali ninalokusudia kulitazama hapa, ingawa limevaa nguo za zama hizi za kompyuta na nyaya za chini ya bahari, kwa usuli wake ni swali la kale, nalo ni hili: kazi ambayo chombo chake kikubwa ni nafsi ya yule anayeifanya, yaani macho yake, sauti yake, subira yake na namna anavyoketi mbele ya mtu aliyefadhaika, je, yaweza kufundishwa na mwalimu ambaye hajapata kumwona mwanafunzi wake akiketi? Kwani uuguzi wa maradhi ya akili ndio kazi hiyo hasa. Mpasuaji ana kisu chake, mtu wa maabara ana hadubini yake, ama muuguzi wa akili, ukimwondolea vidonge na sindano, ambavyo mara nyingi havimo kabatini, hubakiwa na nafsi yake tu. Hivi leo vyuo vingi ulimwenguni, na vya Marekani zaidi ya vyote, huufundisha uuguzi huo katika daraja ya juu, hata shahada ya uzamili na ya uzamivu, kwa njia ya intaneti, na wanafunzi wake huenda wakahitimu bila ya kukanyaga ukumbi wa chuo zaidi ya mara moja au mbili. Wako wanaousifu mpango huo kuwa ni mkombozi wa nchi zenye wataalamu wachache, na wako wanaoubeza kuwa ni kuuza vyeti. Rai yangu mimi, ambayo nitaieleza kwa urefu, ni kwamba maarifa ya kazi hii husafiri kwa waya bila ya kupungua, walakini kazi yenyewe haisafiri, na kila mpango wa mafunzo ya mbali husimama au huanguka kwa kadiri ya yule muuguzi mkongwe aliyeko wodini, msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, ambaye aghalabu halipwi, na ambaye hatajwi katika tangazo la chuo.

Nitoe mfano nilioushuhudia kwa macho yangu, katika wodi ya wanawake ya hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Alikuwapo muuguzi kijana, mwanafunzi wa mafunzo ya juu, ambaye masomo yake yote ya nadharia aliyapata kwa simu yake ya mkononi, naye alikuwa hodari kweli kweli. Aliyajua majina ya dawa na makundi yake, alizijua hatua za kupima kama mgonjwa yumo katika hatari ya kujidhuru, na aliweza kukuhesabia dalili za kila maradhi pasipo kutazama karatasi. Jioni ile aliletewa mama mmoja aliyekuwa na siku tatu hajalala, mwenye kusema kwa haraka na kutupa macho huku na huku. Kijana akavuta kiti, akaketi mbele yake kwa adabu zote, akatoa kalamu, akaanza kuuliza. Mama akawa anajibu neno mojamoja, na kila jibu sauti inapanda. Muuguzi mkongwe, ambaye wote wodini humwita Sista, alikuwa pembeni akihesabu shuka, hakusema neno juu ya yale maswali, ila alisogea polepole, akainama, akanong'ona, "Mwanangu, umekaa baina yake na mlango. Sogea upande, nyote wawili muuone." Kiti kikasogezwa hatua moja na nusu. Mama aliutazama mlango, akashusha mabega, na baada ya kitambo akaanza kusimulia mambo ya nyumbani kwake.

Baadaye yule kijana aliniambia kwamba jambo la kiti na mlango lilikuwamo katika somo lake, na kwamba alijibia swali lake katika mtihani akalipata. Hilo ndilo lililonifanya nianze kulifikiri suala hili kwa dhati. Chuo hakikumnyima maarifa. Kilimpa yote, na kwa ufasaha. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaita maarifa hayo yatoke kichwani yaingie katika miguu ya kiti, kwa wakati wake, mbele ya mgonjwa aliye hai.

Tukirudi nyuma kidogo tutaona kwamba hata wale waliouinua uuguzi huu ukawa taaluma walikuwa wakishughulika na jambo hili hili. Mwaka 1882 hospitali ya McLean, katika jimbo la Massachusetts, ilifungua shule ya wauguzi ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza ya namna yake katika Marekani, lakini kwa miaka mingi iliyofuata kazi ya muuguzi katika majumba hayo ilikuwa ya ulinzi zaidi kuliko tiba: funguo, chakula, kuogesha, na kumshika mgonjwa anapochafukwa. Aliyegeuza mambo ni Hildegard Peplau, aliyezaliwa mwaka 1909, ambaye aliandika kitabu kilichodai kwamba uhusiano baina ya muuguzi na mgonjwa, ukiendeshwa kwa ilimu na ukipita hatua zake moja baada ya moja, huo wenyewe ni sehemu ya matibabu. Muswada ulikamilika mwaka 1948, ila haukuchapishwa mpaka 1952, kwa kuwa wachapaji waliona ni jambo lisilokubalika muuguzi kutoa kitabu cha namna ile pasipo jina la daktari kando ya lake. Katikati ya miaka ya 1950, katika chuo kikuu cha Rutgers, alianzisha mafunzo ya shahada ya uzamili kwa wauguzi bingwa wa maradhi ya akili, na njia yake ya kufundisha ilikuwa ngumu na rahisi kwa pamoja: mwanafunzi huketi na mgonjwa, kisha huandika mazungumzo yao neno kwa neno, yaliyosemwa na yaliyonyamaziwa, halafu huyaleta mbele ya mwalimu wakayachambua mstari kwa mstari. Ninaomba msomaji aiweke akilini njia hiyo, maana nitairudia.

Mwaka 1965 katika Colorado, Loretta Ford, muuguzi, na Henry Silver, tabibu wa watoto, wakaanzisha mafunzo ya kumpa muuguzi uwezo wa kuchunguza, kutambua maradhi na kutibu, nayo ndiyo chimbuko la kada ambayo baadaye ilienea hata ikafika katika maradhi ya akili. Siku hizi muuguzi wa kada hiyo, mwenye shahada ya uzamili au zaidi, hufanyiwa mtihani wa kitaifa wa kuthibitishwa. Na katika zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani sheria humruhusu kutambua maradhi na kuandika dawa pasipo kusimamiwa na daktari. Kwa ajili hiyo vyuo vilipoona haja ni kubwa, madaktari bingwa ni wachache na wauguzi wanaotaka kujiendeleza wana watoto, zamu na madeni, vikahamishia masomo katika intaneti, na ugonjwa wa Uviko ulipoingia mwaka 2020 hata waliosita wakafuata.

Lakini si kweli kwamba mafunzo ya mbali ya wauguzi yalizaliwa na intaneti. Katika milima ya Kentucky, ambako Mary Breckinridge alianzisha mwaka 1925 huduma ya wauguzi wakunga waliokwenda kwa farasi nyumba hadi nyumba, palikuja kuzaliwa chuo, ambacho leo huitwa Frontier Nursing University; nacho tangu mwaka 1989 kimekuwa kikiwafundisha wakunga wakiwa makwao, kwanza kwa posta na simu, kisha kwa kompyuta, na katika miaka ya karibuni kikaongeza mafunzo ya uuguzi wa afya ya akili. Jambo linalonivutia katika mpango wao ni kwamba, pamoja na umbali wote huo, kwa muda mrefu ilikuwa sharti mwanafunzi afike chuoni kabla ya kuanza masomo, na afike tena kabla ya kuanza kuhudumia wagonjwa, walimu wamtazame kwa macho. Waliofanya kazi hii kwa muda mrefu kuliko wenzao hawakuliacha jicho.

Wala sisi huku hatuna sababu ya kujiona wageni. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwa maoni yangu ni mojawapo ya mafunzo makubwa ya mbali yaliyopata kufanywa katika Afrika: takribani watu milioni 2 waliketi katika vikundi vijijini, redio ikiwa katikati, wakasikiliza kwa Kiswahili juu ya malaria, kichocho, kuhara na kifua kikuu, kisha wakainuka wakachimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba, wakachemsha maji. Watu wanapoikumbuka kampeni ile hutaja redio. Mimi hukumbuka kwamba kabla ya redio kunena neno la kwanza walikuwa wamefundishwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, kila mmoja akijua kusoma kijitabu, kuuliza maswali, na kuwaongoza wenziwe kutoka katika maneno mpaka kwenye jembe. Mtu aliyeketi kando ya redio alitayarishwa mwanzo, na kwa idadi kubwa ajabu; hiyo ndiyo tadbiri ambayo mipango ya leo mara nyingi huigeuza, vifaa vikatangulia na msimamizi akafuata kama akipatikana.

Kenya nayo, mwaka 2005, kupitia AMREF, Baraza la Wauguzi na kampuni ya Accenture, ilianza kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi kufikia diploma kwa kompyuta. Wauguzi wa daraja hilo walikuwa zaidi ya 20,000, na lau wangengojea viti vya madarasa yaliyokuwapo wengi wangestaafu kabla ya zamu yao kufika. Masomo yaliwekwa katika sahani za kompyuta, kwa kuwa wakati huo intaneti ilikuwa hafifu na ghali, na wanafunzi wakasoma katika vituo vilivyowekwa mahospitalini, wakafanya vitendo katika wodi zile zile walizoajiriwa. Miaka minne baadaye, mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa na Dar es Salaam, na kile kilichokuwa kikibebwa katika sahani kikaanza kupita hewani mpaka mkononi mwa muuguzi wa zahanati. Mipango ile haikuwa ya maradhi ya akili pekee, lakini ndiyo iliyothibitisha kwamba muuguzi wa Afrika Mashariki, akipewa nafasi, husoma usiku baada ya zamu na hufaulu.

Haja yenyewe haitaki hoja nyingi. Kwa mujibu wa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020, ulimwengu mzima ulikuwa na wahudumu wa afya ya akili kama 13 kwa kila watu 100,000, lakini katika nchi maskini hawakufika 2, na katika nchi tajiri walizidi 60. Na katika wahudumu hao wauguzi ndio wengi kuliko kada nyingine yoyote. Hospitali zetu za maradhi haya ni chache na za kale. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilikuwa makazi ya watoto waliookolewa utumwani kabla ya kuanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904. Mathari ya Nairobi ilianza mwaka 1910. Mirembe ya Dodoma ni ya miaka ya 1920. Butabika ya Kampala ilifunguliwa mwaka 1955. Nje ya kuta hizo na za hospitali chache za rufaa, mgonjwa wa akili akipata mtu wa kumsikiliza basi mtu huyo ni muuguzi. Na hapo ndipo mafunzo ya mbali yanapokuwa na hoja ambayo sijaona jibu lake: ukimwita muuguzi pekee wa akili katika wilaya aende mjini kusoma miaka miwili, umeifunga kliniki ya wilaya ile miaka miwili. Wagonjwa waliokuwa wametulia kwa sindano ya kila mwezi watakuja, watakuta mlango umefungwa, watarudi makwao, na baada ya miezi michache baadhi yao watakuwa wamefungwa kamba. Kumfundisha akiwa pale pale kituoni pake ni kuwalinda hao.

Yako mengi, tena ya thamani, yanayofundishika vizuri kwa waya, na pengine vizuri kuliko darasani. Ilimu ya ubongo na ya dawa, kwa nini litiamu inataka kupimwa damu, kwa nini klozapini inaweza kupunguza chembe nyeupe za damu, ni dawa zipi hazipatani, haya yote muuguzi huyasikiliza katika kinasa sauti mara tatu au nne mpaka yakamkaa, jambo ambalo hakuna mhadhiri wa darasani angelivumilia. Kadhalika sheria na haki za wagonjwa: mafunzo ya QualityRights ya Shirika la Afya Duniani, ambayo Ghana iliyapokea mapema na Kenya ikafuata, hutolewa kwa intaneti, na yamewafikia watu ambao semina za hotelini zisingewafikia kamwe. Hata usimamizi wenyewe, kwa sehemu, waweza kupita kwa waya. Mwaka 2003 tabibu Sanjeev Arora wa New Mexico alianzisha mpango uitwao ECHO, wa kuwakutanisha mabingwa na matabibu wa vijijini kwa video kila wiki, tabibu wa kijijini akieleza habari za mgonjwa wake halisi na wote wakamjadili. Ulianzia katika maradhi ya ini, kisha ukaingia katika maradhi mengine, ya akili yakiwamo. Na ile njia ya Peplau niliyomwomba msomaji aiweke akilini, ya kuandika mazungumzo neno kwa neno na kuyachambua na mwalimu, yaweza kufanywa baina ya Sumbawanga na Nairobi bila ya tabu yoyote. Nastaajabu kwamba ni mipango michache inayoitumia ipasavyo, na mingi hutosheka na maswali ya kuchagua a, b, c, d.

Ama yasiyosafiri, nitachagua moja tu nilieleze kwa karibu, kwa sababu linadhuru watu. Mgonjwa aliyechomwa sindano ya haloperidoli huweza kupatwa na hali ambayo matabibu huiita akathisia: miguu haitulii, akiketi inacheza, akisimama anapiga hatua pale pale, huenda na kurudi wodini kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba inaungua, naye ndani ya nafsi yake huhisi dhiki isiyosemeka. Muuguzi asiyejua huona kwamba wazimu umezidi, akaomba daktari aongeze dawa, na dawa ikiongezwa ile dhiki huzidi, na mgonjwa huandikwa kuwa ni mkorofi. Yule kijana wa mfano wangu alikuwa amelisoma neno hilo na kuiona filamu yake. Hata hivyo, siku mbili baadaye, saa nne za usiku, wodi ikiwa na wagonjwa wengi na muuguzi mwenzake mmoja tu, alimwona kaka mmoja wa wodi ya pili akizunguka bila kukoma, akaandika katika jalada: hatulii, apewe sindano nyingine. Sista alilisoma jalada, akatoka, akasimama kimya karibu na kaka yule muda wa kama dakika tano. Kisha akamwita kijana, akamwambia asimtazame uso, atazame miguu. Na akamwambia amuulize mgonjwa kama anazunguka kwa kupenda au miguu ndiyo inamlazimisha. Mgonjwa akajibu, "Miguu, Sista. Mimi nataka kulala." Usiku ule hakuongezewa haloperidoli, daktari alipigiwa simu, akapunguza dozi na kuandika propranololi.

Mambo kama hayo ndiyo yanayojaza zile saa za vitendo ambazo sheria za taaluma huzihesabu. Marekani, kwa miaka mingi, muuguzi wa kada hii alitakiwa awe na saa 500 za kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi ndipo afanye mtihani wa kuthibitishwa. Mwaka 2022 viwango vipya vya elimu ya wauguzi vikapendekeza zisipungue 750. Wakosoaji husema ni kidogo, wakilinganisha na daktari bingwa wa akili ambaye hukaa miaka minne katika mafunzo ya hospitali baada ya kuhitimu udaktari, na watetezi hujibu kwamba muuguzi huja na miaka yake ya wodini. Mimi naona hoja zote mbili zina haki kwa nusu, kwani idadi ya saa haisemi ni nani aliyekuwapo katika saa hizo. Saa 100 pamoja na mtu wa kukuonyesha miguu ya mgonjwa zinazidi saa 500 za kukaa nyuma ya daktari anayeandika dawa mbio mbio.

Na hapa ndipo penye aibu ya mfumo wa Marekani, ambao vyuo vyetu vimeanza kuutazama kwa matamanio. Wauguzi wengi wa asili ya Kenya na nchi jirani walioko huko, katika Massachusetts, Minnesota, Texas na kwingineko, wameingia katika masomo haya, wakisoma alfajiri baada ya zamu za nyumba za wazee, na mmoja wao, dada wa ukoo wetu, aliniambia kwamba kilichomtoa machozi hakikuwa mtihani wa dawa bali ni kutafuta msimamizi. Chuo chake kilimpokea, kikapokea karo yake, kisha kikamwachia yeye atafute mwenyewe mtaalamu wa kumkubali kwa saa zake za vitendo. Alituma barua za intaneti zaidi ya 60 na kupiga simu kliniki mpaka akaogopa kusikia sauti yake mwenyewe. Mwisho alimlipa wakala amtafutie, kwa fedha ambazo zingemlipia mwanawe shule muhula mzima. Hali hiyo inajulikana sana miongoni mwa wanafunzi wa kada hii, wala si ya chuo kimoja. Chuo kinachouza nadharia na kumwachia mwanafunzi atafute kwa bahati ile sehemu ambayo ndiyo kazi yenyewe, kwa insafu yote nasema, kimeuza nusu ya bidhaa kwa bei ya nzima.

Liko jambo lingine ambalo yule dada hakulikuta Boston, lakini muuguzi wa Tanga au Malindi atalikuta siku ya kwanza, nalo ni lugha. Masomo haya ya intaneti karibu yote ni ya Kiingereza, na maradhi yenyewe husimuliwa kwa Kiswahili, na si kwa Kiswahili cha kamusi. Kitabu kitasema sonona. Mgonjwa atasema mawazo yamemzidi, au kichwa kinawaka moto, au moyo unamwenda mbio na mwili umelegea kama wa mtu aliyetoka homani. Hojaji mashuhuri ya maswali 9 ya kupima sonona imetafsiriwa kwa Kiswahili na kupimwa katika Kenya, na hilo ni jambo la kushukuriwa, ila kumwuliza mzee wa Pwani mbele ya mkwewe kama amepata kufikiri kwamba bora afe, kwa maneno yaliyonyooka kama yalivyo katika karatasi, ni kukosa adabu kwanza na kukosa jibu baadaye. Lazima kwanza mkwe aombwe akalete maji. Fauka ya hayo, mgonjwa wa Pwani mara nyingi amepita kwa mwalimu wa chuoni kabla ya kufika kliniki, akasomewa, akanywa kombe, yale maandiko yaliyooshwa kwa maji ya waridi. Au amepelekwa kwa mganga akaambiwa ni jini. Muuguzi aliyefundishwa vizuri huuliza habari hizo kwa heshima na bila ya kukunja uso, kwa sababu anataka kujua alikunywa nini, kwa siku ngapi, na ni nani katika ukoo ambaye neno lake ndilo litakaloamua kama mgonjwa atameza vidonge au hatameza. Somo hilo halitakuja kutoka katika seva ya ng'ambo. Wa kulifundisha wapo, nao ni wauguzi wetu wenyewe, na lingeweza kunaswa na kusambazwa kwa simu kwa gharama ndogo, kwa Kiswahili, kama vile Mtu ni Afya ilivyosambazwa.

Kuhusu gharama za mwanafunzi sitasema mengi, kwa kuwa zinajulikana: bando huisha katikati ya mhadhara, umeme hukatika usiku wa mtihani, na mume au mke haelewi kwa nini mtu aliyetoka zamu anakaa na simu mpaka saa nane. Lililo zito zaidi ni yale yanayomngoja baada ya kuhitimu. Si nadra kumkuta muuguzi aliyejiendeleza katika maradhi ya akili akipangiwa wodi ya wazazi, kwa sababu huko ndiko watu walikopungua, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu wenye kupanga wanaona kazi ya akili ni kazi ya kuwachunga vichaa, ambayo yeyote aweza kuifanya. Wauguzi hawa hubeba sehemu ya dharau inayobebwa na wagonjwa wao. Kenya ilirekebisha sheria yake ya afya ya akili mwaka 2022, Tanzania ina yake ya mwaka 2008, na zote huzungumzia huduma kwa heshima ya binadamu. Hata hivyo muuguzi bingwa hana budi kuandikiwa wazi anachoruhusiwa kufanya peke yake, dozi gani anaweza kuianza na ipi anaweza kuiendeleza, kwa kuwa katika zahanati za mbali ndiye anayeamua siku zote, awe ameruhusiwa au hakuruhusiwa, na likitokea la kutokea ni yeye atakayeulizwa.

Kwa hiyo nikiulizwa kama serikali na vyuo vyetu viingie katika mafunzo ya mbali ya uuguzi huu, nasema viingie, na visichelewe, lakini vianze mahali ilipoanza kampeni ya mwaka 1973. Kabla ya kununua vishikwambi, ihesabiwe kila wilaya ina wauguzi wakongwe wangapi wa maradhi ya akili. Wafundishwe namna ya kusimamia, ambayo ni ilimu yake yenyewe. Kila mmoja apewe wanafunzi wawili au watatu, asipewe kumi. Apunguziwe zamu kwa kadiri hiyo na alipwe posho inayojulikana. Na chuo kisimpokee mwanafunzi mpaka jina la msimamizi wake liwe limeandikwa katika fomu, likiwa na saini. Mwalimu wa mbali akutane na msimamizi huyo kwa video kila wiki pamoja na mwanafunzi, wayasome mazungumzo ya mgonjwa neno kwa neno. Mpango wa namna hiyo utapokea wanafunzi wachache kuliko ule wa kufungua milango yote, na utagharimu zaidi kwa kila kichwa, nami naukubali uchache huo.

Sista niliyemtaja ana miaka zaidi ya 30 katika wodi za akili, na amebakiwa na miaka miwili kustaafu. Kwa hesabu yake mwenyewe, ambayo huiweka katika daftari la kurasa za mistari pamoja na tarehe za zamu, amewapokea wanafunzi 140 na kitu, wa vyuo vya madarasa na wa vyuo vya simu. Nilimuuliza kama amepata kuandikiwa na chuo chochote. Alifungua kabati la shuka, akatoa bahasha moja: ilikuwa barua ya kumtaka athibitishe saa za mwanafunzi mmoja, na mahali pa jina la mwalimu palikuwa pameandikwa jina la mtu mwingine.